Farasi wa mbio na mazoezi ya nyanda za juu

Uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, jijini Nairobi, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iten, mji mashuhuri wa wanariadha wa Kenya, uko juu zaidi, takriban mita 2,400. Manufaa ya mwinuko kwa wanariadha yanafahamika. Kwa farasi, suala hilo lina sura nyingine.

Katika nyanda za juu, oksijeni hubaki takriban asilimia 21 ya hewa, ila kanieneo ya hewa hupungua, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Figo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huchochea uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu.

Farasi, hata hivyo, amejaaliwa akiba yake mwenyewe. Wengu wake huhifadhi chembe nyekundu nyingi na kuzimimina mishipani anapotimka. Sehemu ya chembe hizo katika damu hupanda kutoka takriban asilimia 40 hadi zaidi ya 60, na moyo hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika. Misuli hudai oksijeni nyingi kiasi kwamba mapafu hushindwa kuijaza damu kikamilifu, hata pwani. Kwa hiyo kuongeza chembe pekee hakutoshi, kwani damu ikiwa nzito mno, moyo hutaabika.

Huko California, Marekani, watafiti waliwapandisha farasi hadi mita 3,800 katika milima ya White Mountain. Mwanzoni mapigo ya moyo yalipanda. Wanyama hao walipozoea, yalishuka kwa kazi ileile. Nchini Japani, farasi waliokimbizwa kwenye mashine huku wakivuta hewa yenye oksijeni pungufu waliongeza uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni.

Lakini kule juu farasi hawezi kudumisha kasi yake ya kawaida, na nyuzi za misuli za mbio fupi hukosa zoezi kali. Hivyo wataalamu wa riadha hupendekeza kuishi juu na kufanya mazoezi makali chini.

Njia ya mkato ni hatari. Erithropoietini ya binadamu, iliyopigwa marufuku mbioni, imewahi kuifanya kinga ya mwili wa farasi kuishambulia homoni yake mwenyewe. Uboho huacha kutengeneza chembe, na mnyama aliyetarajiwa kushinda hufa kwa upungufu wa damu.