Kupigwa Picha na Kupigisha Picha: Mume na Mke Mbele ya Kamera katika Miji ya Kongo

Katika sarufi ya Kiswahili, mtu anayesimama mbele ya kamera ni mtendwa. Husemwa kwamba amepigwa picha, kama asemwavyo aliyepigwa na jua au na butwaa. Kiswahili cha Lubumbashi, ingawa hupendelea neno foto lililotoka katika Kifaransa, hakiachani na kile cha pwani katika jambo hili: kitendo ni cha mwenye mtambo, naye mwenye sura hukipokea. Iko hata hivyo kauli nyingine, ile ya kutendesha. Mtu aweza kupigisha picha. Historia ya picha za mume na mke katika miji ya Kongo yaonyesha kwamba kauli hii ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, maana sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha kufanyika kabla mpiga picha hajagusa mtambo wake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mpolandi Casimir Zagourski, aliyehamia Léopoldville mwaka 1924, alieneza kadi za posta zilizoitwa kwa jumla « L'Afrique qui disparaît », yaani Afrika inayotoweka. Humo watu walichaguliwa kwa ajili ya misuko ya nywele, chale na mapambo ya mwili, na mara nyingi aliyepigwa alitajwa kwa kabila lake, si kwa jina lake. Matayarisho, kama yalikuwapo, yalielekea nyuma: ilitakiwa mtu afanane na babu zake. Sura hizo ni nzuri, wala mwanahistoria hawezi kuziacha, lakini hazisemi neno lolote juu ya ndoa ya mtu.

Katika Katanga mambo yaligeuka kwa sababu ya kazi. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, hapo kwanza iliajiri wanaume wasio na jamaa kwa mikataba mifupi. Vifo, utoro na gharama za kutafuta watu wapya viliilazimisha, tangu mwisho wa miaka ya 1920, kufuata siasa ya kuwatuliza wafanyakazi makambini pamoja na wake zao, kwa mikataba ya miaka mitatu. Basi mke akaingia katika hesabu za kampuni. Serikali nayo ikafuata. Amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za mitala kuanzia Januari 1951. Nao walioomba kuandikishwa miongoni mwa « évolués », kwa kadi ya mwaka 1948 au kwa utaratibu mgumu zaidi wa mwaka 1952, walichunguzwa hadi nyumbani kwao. Hata kama mume na mke hula pamoja mezani lilikuwa jambo la kuulizwa.

Katika hali hiyo ni rahisi kuiona picha ya mume mmoja na mke mmoja, wote wamevaa viatu, wamesimama kando ya meza yenye kitambaa cheupe, kama cheti cha utii. Wako wasomi walioisoma hivyo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, kwa kuwa inaangalia karatasi iliyokwisha kuchapwa na kusahau siku zilizoitangulia.

Siku hizo zilikuwa na shughuli nyingi. Filamu ya namba 120, iliyotumiwa sana katika studio ndogo, ilitoa picha 12 tu za sentimita 6 kwa 6, na ziligawanywa kwa wateja wengi. Kwa hiyo ndoa nzima ilipata nafasi moja, pengine mbili. Kosa halikurekebishika ila kwa kulipa tena. Ndiyo sababu kila kitu kilipangwa nyumbani. Kikwembe kilitolewa sandukuni, libaya likashonwa upya kama mwili umebadilika, suruali ikapigwa pasi ya makaa, nywele zikasukwa mapema ili zitulie. (Pasi hupigwa, picha hupigwa, tena ya kwanza mara nyingi ilichukua muda mrefu kuliko ya pili.) Aliyekosa koti aliazima kwa jirani. Wala jambo hilo si la Kongo tu: huko Bamako, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliweka suti, saa, redio na hata pikipiki ya Vespa kwa ajili ya wateja wake.

Palikuwa pia na matatizo ya ufundi ambayo mume na mke walipaswa kuyajua, au kujulishwa. Nguo nyeupe huurudisha mwanga mwingi, na uso mweusi hurudisha kidogo. Mpiga picha akiipimia nguo, uso huzama gizani. Akiupimia uso, lesi na vifungo vyote hupotea katika weupe. Kikwembe chenye maua na rangi za katikati kilikuwa salama zaidi. Yawezekana kwamba picha nyingi zinazosifiwa leo kwa uzuri wa vitambaa vyake zilitokana na shauri la namna hiyo, si na mapenzi ya kitambaa peke yake.

Mfano wa Jean Depara wastahili kutajwa hapa. Alizaliwa Kibokolo, Angola, mwaka 1928, akawa mpiga picha mashuhuri wa Kinshasa na wa mwanamuziki Franco. Watu humkumbuka kwa baa na usiku wa jiji. Lakini yasimuliwa kwamba kamera yake ya kwanza, Adox ndogo, aliinunua mwaka 1950 kwa ajili ya arusi yake mwenyewe. Ufundi wake wote, basi, ulianza kwa mtu aliyetaka ndoa yake ionekane.

Miaka ya 1970 ilileta amri nyingine. Siasa ya « authenticité » iliwanyima wanaume suti na tai, ikawapa abakosti; wanawake wakakatazwa suruali na nywele za bandia. Aliyekuwa amejitayarisha kwa namna moja mwaka 1965 hakuweza kurudia pozi lile lile miaka kumi baadaye, mpaka tai iliporuhusiwa tena katika hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990. Kikwembe cha mke, kinyume chake, kilipita katika tawala zote bila kuvuliwa. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili: katika picha hizo, nguo ya mume ndiyo inayotaja serikali iliyopo, na nguo ya mke hutaja ukoo, mahari na zawadi.

Wachoraji na wenyeji wa Shaba waliviita vitu vya kutundikwa ukutani ukumbusho, neno ambalo Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walilichunguza mwaka 1976 katika makala yao juu ya sanaa za watu wa Shaba. Kwa asili ya neno, ukumbusho ni kumfanya mwingine akumbuke, nayo ni kutendesha tena. Anayekumbushwa ni nani? Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 iliagiza kwamba ndoa iliyofungwa kwa desturi iandikishwe kwa afisa wa serikali, na ndoa nyingi hazikuandikishwa. Mume alipofariki, na ndugu zake walipokuja kudai nyumba na vyombo, mjane asiye na karatasi alikuwa na picha ukutani. Mbele ya sheria haikuwa na nguvu ya cheti. Lakini wazee walioketi chini yake waliweza kuona mtoto wao amesimama na nani, tena amevaa kikwembe gani. Na mara nyingine miongoni mwao alikuwamo yule aliyekinunua.