Kutoka Fumbo la Picha hadi Mahakamani

Wazee wetu walitega vitendawili ili watoto wajifunze kutazama vitu vya kawaida kwa makini. Siku hizi vijana hutegana mafumbo mengine kwenye intaneti: mmoja huweka picha, wengine hutafuta ilipigwa wapi na lini, wakitumia ramani, picha za setilaiti na habari zilizo wazi kwa kila mtu. Insha hii inaeleza jinsi ujuzi huo ulivyokua, na kwa nini unatuhusu sisi Waafrika.

Kutafuta siri ndani ya mambo ya wazi si jambo jipya. Mwaka 1939, Vita Kuu ya Pili ilipoanza, BBC ya Uingereza ilikuwa na idara ya kusikiliza redio za nchi nyingine, kwa kuwa hata matangazo ya adui hufichua mengi. Wakati huo kazi hiyo ilikuwa ya watu walioajiriwa. Intaneti ndiyo iliyowafungulia wote mlango.

Tarehe 5 Desemba 2009, DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, lilitundika maputo mekundu 10 sehemu mbalimbali za nchi na kuahidi dola 40,000 kwa watakaoyapata yote kwanza. Kundi la chuo cha MIT lilishinda kabla saa 9 hazijatimia. Liliahidi kumpa fedha aliyeona puto, na pia yule aliyemwalika. Hata hivyo, taarifa nyingi walizoletewa zilikuwa za uongo, ikabidi wazichuje.

Wasiochuja huumiza watu. Aprili 2013, baada ya mabomu kulipuka mjini Boston, watu mtandaoni walilinganisha picha na kumtaja kijana ambaye hakuhusika kabisa. Familia yake ilitukanwa bila kosa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Kameruni. Julai 2018 ilisambaa video ya wanaume wenye sare wakiwapiga risasi wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ilisema ni habari za uongo. Mwezi uliofuata ikatangaza kwamba wanajeshi 7 walikuwa wanachunguzwa.

Septemba mwaka huo, kipindi cha BBC Africa Eye, kikisaidiwa na watafiti wa mtandaoni, kilionyesha majibu ya fumbo hilo. Umbo la milima iliyoonekana nyuma lililingana na eneo la Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kameruni, karibu na mpaka wa Nigeria. Nyumba moja ya kwenye video ilikuwa haionekani tena katika picha za setilaiti baada ya Februari 2016. Kuta nyingine zilikuwa hazijajengwa Novemba 2014. Njia ya miguu iliyoonekana hutokea wakati wa kiangazi tu. Mwisho, vivuli vya askari vilipimwa kama saa ya jua, vikaonyesha kwamba mauaji yalitokea kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Septemba 2020, mahakama ya kijeshi mjini Yaoundé iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Tukilinganisha matukio haya, tunaona tofauti moja kubwa. Katika mchezo, mtegaji anajua jibu, na anayekosea hupoteza alama tu. Katika historia hakuna mtegaji wa kutusahihisha, na anayekosea anaweza kumharibia mtu maisha. Ndiyo maana watafiti wa Zelevet hawakutegemea dalili moja: mlima, nyumba, njia na kivuli vilitoa ushahidi kila kimoja kwa upande wake, na vyote vikakubaliana.

Nchi zetu za Maziwa Makuu zimeona mauaji mengi yaliyokanushwa, na mashahidi wengi walinyamaza kwa hofu. Mlima hauogopi wala hauhongwi. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia anayejifunza mafumbo haya hapotezi muda, mradi akumbuke kuwa ndani ya picha kuna watu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini lazima awepo mtu wa kuipima.