Treni ya Buluu Iliyobaki Bila Kichwa

Saa 12:30 jioni treni ya buluu yenye mistari ya dhahabu iliondoka stesheni ya Spencer Street, Melbourne, na haikusimama popote mpaka Albury, mpakani mwa jimbo la New South Wales, saa 4:20 usiku. Ni mwendo wa kilomita 306 hivi. Treni hiyo, Spirit of Progress, ilianza kazi Novemba 1937. Mabehewa yake yalikuwa ya chuma kitupu, yote yana viyoyozi, na lile la mwisho lilikuwa na ukuta wa nyuma uliopinda kama upinde, madirisha mapana na viti vya kuzama. Jioni za kiangazi, jua likiwa bado halijazama, abiria alikaa hapo akiitazama njia inavyochirizika kutoka chini yake.

Kazi ya kuivuta ilikuwa ya injini nne za mvuke za daraja la S, zilizoundwa katika karakana ya Newport kati ya 1928 na 1930, kisha zikavalishwa bati la buluu mwili mzima ili zikate upepo. Kila moja ilikuwa na jina: Matthew Flinders, Sir Thomas Mitchell, Edward Henty, C. J. Latrobe.

Raha yote hiyo iliishia Albury. Victoria ilijenga reli ya upana wa milimita 1600, New South Wales ikajenga ya 1435, na aliyekuwa akienda Sydney alilazimika kushuka usiku, na baridi ya Juni, mzigo mkononi na watoto wenye usingizi, avuke jukwaa refu la zaidi ya mita 400 akapande treni nyingine. Mark Twain alipita hapo mwaka 1895 akaulalamikia utaratibu huo kitabuni mwake. Anayeshuka SGR ya Mombasa pale Syokimau, akadaka treni ya reli ya mita kwenda katikati ya Nairobi, anaijua adha yenyewe.

Mwaka 1962 reli ya 1435 ilifika Melbourne, na Southern Aurora, treni ya rangi ya fedha yenye mabehewa ya kulala tu, ikaanza kwenda moja kwa moja hadi Sydney. Spirit of Progress nayo ikahamishiwa reli hiyo mpya, ikaendelea mpaka 1986.

Lakini zile injini nne hazikuiona siku hiyo. Uzito wake ndio ulioziponza: zilikuwa nzito mno kwa njia nyingine za Victoria, zikawa zimefungwa kwenye njia hiyo moja tu. Dizeli za daraja la B zilipoingia mwaka 1952, hapakuwa na mahali pa kuzipeleka. Kufikia 1954 zote zilikuwa zimekatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu miaka michache tu baadaye wapenzi wa reli walianza kukusanya injini kuukuu pale pale Newport, na makumbusho yao yakafunguliwa mwaka huo huo wa 1962. Walichelewa kidogo tu.

Sydney ilikuwa na bahati zaidi. Injini ya mvuke 3801, iliyotoka kiwandani mwaka 1943, ilinusurika, na mwaka 1970, baada ya reli ya 1435 kuunganishwa toka bahari hadi bahari, ikavuta treni ya abiria mpaka Perth. Ilifufuliwa tena mwaka 2021, na inapopita watu hujipanga kandokando ya reli wakiwa wamebeba watoto mabegani.

Mabehewa kadhaa ya Spirit of Progress yapo Seymour, kaskazini mwa Melbourne, yakitunzwa na watu wanaojitolea. Yanapotoka kwa safari za kumbukumbu, mbele hufungwa dizeli. Dizeli za daraja jipya la S, zilizoanza kazi mwaka 1957, zilirithi yale majina manne. Majina yakarudi njiani, juu ya miili mingine.