Duma Aliyekimbia Romford

Jumapili moja mwezi wa nne, mvua ikiwa imetufungia ndani, nilikaa na mpwa wangu wa miaka minane tukatazama filamu niliyokuwa nayo kwenye flashi tangu zamani. Inaitwa Cheetah, ni ya Disney, ya mwaka 1989, na ilipigwa hapa Kenya. Nilitaka tu atulie nimalize kufua. Nguo zililala kwa maji mpaka jioni.

Kama hujaitazama, hadithi ni hii. Ted na Susan, watoto wawili wa Kimarekani, wanakuja Kenya kukaa na wazazi wao wanaofanya utafiti porini. Wanapata rafiki, kijana wa Kimaasai anayeitwa Morogo. Siku moja wanakuta mtoto wa duma ambaye mama yake ameuawa na majangili. Wanamchukua, wanamlea, na jina wanampa Duma. (Mzungu akimpa duma jina Duma ni kama mimi nimwite paka wangu Paka, lakini tuwasamehe, walikuwa watoto.) Anakua, analala nao, anakimbizana na gari. Kisha watu wabaya wanamwiba ili wamshindanishe na mbwa wa mbio, wale greyhound, watu waweke pesa za kamari. Watoto watatu wanafunga safari kumtafuta.

Mpwa wangu alikuwa ameamua kitambo. "Anko, na mimi nataka duma."

"Utamweka wapi? Tuko orofa ya nne."

"Kwa balkoni. Si halii kwa nguvu?"

Hapo alikuwa na haki. Duma hawezi kunguruma kama simba. Anakoroma kama paka, na akiita wenzake hutoa mlio mdogo kama wa ndege. Ndiyo maana ni rahisi kumpenda. Hata ukitaka kumtofautisha na chui, na Wakenya wengi tunawachanganya hawa wawili bila aibu, angalia uso: duma ana mistari miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni, kama mtu aliyelia akasahau kujipangusa.

Tulipofika kwa ile sehemu ya mbio, aliniuliza kama kitu kama hicho kinaweza kufanyika kweli. Nikamwambia zii, hiyo ni muvi tu, watu wa Hollywood wanajitungia.

Wiki mbili baadaye, nikisoma mambo mengine kabisa kuhusu masetla wa Nanyuki, nikagundua kwamba nilikuwa nimemdanganya mtoto.

Tarehe 11 Desemba 1937, katika uwanja wa mbio za mbwa wa Romford, upande wa mashariki ya London, duma kutoka Kenya walitolewa mbele ya umati wamfukuze sungura wa bandia. Aliyewaleta ni Kenneth Gandar Dower, Mwingereza kijana mwenye pesa, mchezaji tenisi na mwandishi. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amekuja Kenya kumtafuta "simba mwenye madoa" katika misitu ya Aberdare. Simba huyo hakumpata, ila kitabu alikipata. Na kupitia Raymond Hook, setla wa Nanyuki aliyejulikana kwa kuwakamata wanyama na hata kuzalisha punda milia na farasi, akapata pia wazo la kusafirisha duma.

Walipelekwa kumi na wawili, kwa meli. Kwanza wakafungiwa karantini, maana Waingereza waliogopa kichaa cha mbwa. Kisha wakafundishwa kukimbia kwenye kona za uwanja, wanyama ambao kwao uwanda hauna kona. Usiku ule jike mmoja aliyepewa jina Helen aliwaacha greyhound nyuma, na magazeti yakafurahi. Gandar Dower mwenyewe alishaingia na duma kwenye baa ya klabu ya Queen's ya London akiwa amemfunga kamba shingoni, na kisa hicho kikachekesha watu kwa miaka.

Nilichokwama nacho ni hiki. Kwenye filamu ya watoto, anayempeleka duma kushindana na mbwa ni mwizi, sura yake tu inakuambia usimwamini. Kwenye historia alikuwa muungwana. Alinunua tiketi za meli na kulipia karantini, na kama kulikuwa na yeyote aliyemwita mwizi, sauti yake haikufika mbali. Enzi hizo mnyama wa Kenya alikuwa mali ya serikali ya kikoloni, na setla mwenye leseni alimchukua mchana kweupe. Babu zetu wakitega swara ili wale, jina lao lilikuwa tayari limeandikwa: majangili.

Gandar Dower hakuzeeka. Februari 1944 alikuwa kwenye meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani. Watu karibu 1,300 walikufa, sehemu kubwa wakiwa askari wa Afrika Mashariki. Helen ana ukurasa wake kwenye historia ya mbio za Romford. Wale askari niliwasoma kwa mara ya kwanza nikimtafuta mtu wa duma.

Lakini nisimwangushie mzigo wote mtu mmoja. Watu wamekuwa wakimfuga duma kwa karne nyingi. Mfalme Akbar wa India husemekana alikuwa nao elfu moja, wakifungwa vitambaa machoni na kupelekwa kuwinda swala. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo filamu zote za mtoto na mnyama wake hupita haraka haraka: duma hazai kirahisi akiwa kifungoni. Katika banda la kifalme la India, kumbukumbu zinataja uzazi mmoja tu, enzi za Jahangir, mwana wa Akbar. Uzazi mwingine uliorekodiwa ulikuja mwaka 1956, katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, Marekani. Katikati hapo ni zaidi ya karne tatu. Maana yake, karibu kila duma aliyewahi kulala miguuni pa binadamu alitolewa porini. India ilipoishiwa na duma wake, baadhi ya maharaja waliagiza wengine kutoka Afrika. Mwaka 1952 India ikatangaza kwamba wake wamekwisha.

Kwa hivyo urafiki huu huanza na mama ambaye hayupo. Kwenye filamu wanamuua katika dakika za mwanzo, na sisi watazamaji tunashukuru kimoyomoyo, kwa sababu angekuwa hai kusingekuwa na hadithi.

Binamu yangu alifanya kazi ya nyumbani katika nchi moja ya Ghuba. Mwaka 2015 alinitumia video: mtoto wa duma juu ya zulia, mshipi shingoni, kijana wa mwenye nyumba akimrushia mpira. Nikamjibu na emoji za moyo. Yeye akaandika, "Wewe unaona mapenzi. Mimi ndiye naosha hilo zulia." Baada ya miezi michache nikamuuliza anaendeleaje yule mrembo. Alikufa, akasema. Wameleta mwingine.

Siku hizi kuna kituo karibu na Hargeisa, Somaliland, kinachowatunza watoto wa duma waliookolewa mikononi mwa walanguzi kabla hawajavushwa bahari kwenda Rasi ya Uarabuni. Hutolewa Ethiopia, Somalia na hata kaskazini mwa Kenya. Wakishalelewa na binadamu hawawezi kurudishwa porini hivi hivi, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kuwinda. Duma waliobaki porini duniani kote wanakadiriwa kuwa kama 7,000. Mtaa wetu peke yake una watu zaidi ya hao.

Filamu inaisha Duma akiachwa huru na Wamarekani wakirudi kwao. Muziki, machozi. Mpwa wangu hakulia. Alikunja uso.

"Sasa Morogo alibaki na nani?"

Sikuwa na jibu, nikampigia shosho, ambaye amefuga mbuzi upande wa Laikipia maisha yake yote. Nikaweka simu kwa spika nikamweleza hadithi nzima. Alisikiliza vizuri, akaguna pale pa mbio.

"Duma si mbaya," akasema. "Ukipiga kelele anatoka. Anaogopa watu."

"Huyu haogopi watu, shosho," mpwa wangu akamwambia. "Amezoea."

Kimya kidogo kwenye laini.

"Na huyo kijana ana mbuzi?"

"Anao."

"Ngai," akasema shosho. "Na hao wengine walienda wakamwachia?"