Ujiji, Mji wa Kale Kando ya Ziwa

Kusini ya Kigoma, mwendo wa saa mbili kwa miguu, uko mji wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mji wenyewe ni mdogo, walakini habari zake ni kubwa. Vijana wazuruo huko siku za mapumziko hufurahi kutembea chini ya miembe, kuoga ziwani mahali waonyeshwapo na wenyeji, na kutazama dagaa wakianikwa. Hayo ni mema. Lakini yafaa mgeni ajue vilevile anakanyaga nchi gani.

Hapo kale misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora ikafika Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, walivushwa hapa kupelekwa pwani. Burton na Speke walifika Februari 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta hapa Daktari Livingstone, amedhoofika na mali yake imekwisha. Wakapanda mtumbwi pamoja mpaka kaskazini ya ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi waingia ziwani, wala hautoki. Januari 1879 Mapadre Weupe wa kwanza nao walifika, kwa njia ile ile ya misafara.

Mwembe walipokutana wale wawili umekwisha kufa. Mahali pake pana mnara, na miembe isemwayo kuwa ni wazao wake. Wengi hustaajabu kuuona mnara mbali na maji. Sababu ni hii: yapata mwaka 1878 ziwa lilijifungulia njia upande wa magharibi kwa mto Lukuga, na katika miaka iliyofuata maji yakashuka karibu mita 10. Ufuko ukasogea. Biashara nayo ikasogea, kwani reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika ziwani mwaka 1914 pale Kigoma, penye bandari ya kina, si Ujiji.

Nasi twaona kwamba masimulizi nayo yamepungukiwa. Mnara wawataja Wazungu wawili tu. Lakini aliyetoka mbio kumpokea Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Naye, pamoja na Chuma na wenzao, ndio waliouchukua mwili wa Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Na wale waliopita Ujiji wamefungwa minyororo, wengi wao hata majina hayakuandikwa.

Basi, walimu, mnapowaleta watoto Ujiji, waacheni wacheze na kuoga, maana ziwa ni zuri. Lakini kabla ya kurudi waketisheni chini ya miembe, mwafundishe majina ya Susi na Chuma. Kisha mnyamaze pamoja kitambo, kwa ajili ya wale ambao majina yao yamepotea.