Kupakia faili kwenye vivinjari vya zamani: JavaScript inasaidia wapi?

Mtu anaomba kazi kupitia tovuti. Anachagua picha ya cheti chake, anabonyeza kitufe cha kutuma, na hakuna kinachotokea. Mara nyingi kosa si lake: kivinjari chake ni cha zamani kuliko tovuti ilivyotarajia. Tunaeleza kwa nini hutokea hivyo, na nini kinaweza kufanyika.

Fomu ya kawaida

Pendekezo la kupakia faili kwa fomu ya HTML lilichapishwa Novemba 1995 na Ernesto Nebel na Larry Masinter wa kampuni ya Xerox. Njia hiyo haihitaji JavaScript. Kivinjari hulifunga faili pamoja na majibu mengine ya fomu, kisha hutuma vyote kwenye seva. Kasoro yake ni kwamba ukurasa mzima hubadilika baada ya kutuma.

Mwaka 1999, Internet Explorer 5 ilileta njia ya JavaScript kuwasiliana na seva bila kubadili ukurasa. Hata hivyo, njia hiyo haikuweza kutuma faili lililochaguliwa na mtumiaji.

Fremu iliyofichwa

Watengenezaji wa tovuti wakabuni ujanja. Huweka ndani ya ukurasa fremu ndogo isiyoonekana, na kuielekeza fomu ipeleke jibu la seva humo. Faili huenda, ukurasa unabaki palepale, na JavaScript husoma jibu kutoka kwenye fremu. Lakini mtumiaji haoni ni kiasi gani kimekwisha kutumwa. Wengine walitumia Flash, ambayo ilifikia mwisho wake Desemba 31, 2020.

Firefox 4 ya mwaka 2011 na Internet Explorer 10 ya mwaka 2012 zina zana iitwayo FormData, inayoiwezesha JavaScript kutuma faili yenyewe. Internet Explorer 9 haina.

Nini kifanyike?

Kwanza, tovuti ijengwe juu ya fomu ya kawaida, na JavaScript iongezwe juu yake. JavaScript ikikwama, fomu bado itafanya kazi.

Pili, msimbo uulize kama FormData ipo, usiulize jina la kivinjari. Ikiwepo itumike, isipokuwepo, itumike fremu iliyofichwa.

Tatu, ukubwa wa mwisho wa faili uandikwe wazi kando ya kitufe. Kwenye Internet Explorer 9 na matoleo yaliyoitangulia, JavaScript ya kawaida haiwezi kujua ukubwa wa faili kabla ya kulituma. Mtu anaweza kumaliza bando lake lote ndipo seva imwambie faili ni kubwa mno. Seva nayo ikague kila faili upya, kwa sababu ukaguzi wa kwenye kivinjari unaweza kukwepwa.