Samaki Gani Wanaweza Kuishi Tangi Moja? Hii Hapa Rada Kabla Umwage Doo

Wasee, wacha niwaambie vile nilichomeka. Jumamosi moja nilibuy samaki watano, kila mmoja wa aina yake, juu walikuwa wanang'aa. Muuzaji akaniapia wote ni mabeshte. Kufika Jumatatu asubuhi, wawili walikuwa wamededi na mwingine mkia umeliwa ukabaki nyuzi. Doo imeenda, na wale samaki waliteseka bure.

Kuchagua samaki wa kukaa pamoja ni kama kutafuta mtu wa kushare keja. Haijalishi anakaa fiti aje, kama hamwezani mtasumbuana tu. Kabla utoe hata soo moja, angalia mambo haya.

1. Maji yao yafanane

Hapa ndipo wengi huanguka. Goldifishi anapenda maji ya baridi kiasi, kama digrii 18 hadi 22. Beta yeye anataka joto, digrii 24 hadi 28. Ukiwaweka pamoja lazima mmoja aumie. Isitoshe, goldifishi huchafua maji sana, anakua mkubwa, na samaki mdogo akitoshea mdomoni mwake, humuoni tena.

Kuna pia ugumu wa maji, yaani madini yaliyomo. Neoni tetra wametoka Amazoni, kwa maji laini yenye asidi kidogo. Siklidi wa Ziwa Malawi wamezoea maji magumu yenye pH ya karibu 8. Hao ni watu wa mitaa tofauti kabisa. Maji ya bomba na ya kisima pia hayafanani, so pima ya kwako kwanza ndio ujue ni samaki gani watayaweza.

2. Size ya mdomo

Sheria ni rahisi: akitoshea mdomoni, ni dishi. Enjelifishi mdogo pale dukani anakaa mpole, lakini anaweza kufika sentimita 15, na neoni tetra hapiti 4. Siku moja utaamka uhesabu neoni, upate hesabu imekataa. Oska ndiye noma zaidi, anafika sentimita 30 na anamanga chochote kinachopita. So usiulize ana size gani leo. Uliza atakuwa size gani akishakomaa.

3. Tabia

Beta wa kiume hawezi kuona dume mwenzake. Watapigana hadi mmoja adedi, ndio maana huwekwa mmoja kwa tangi. Hata gapi dume mwenye mkia mrefu wa rangi anaweza kuchapwa, juu beta anadhani ni mpinzani wake. Taiga babi nao, wale wa mistari myeusi, hupenda kung'ata mapezi marefu. Usiwaweke na beta, enjelifishi ama gapi.

Mbuna, wale siklidi wa mawe wa Ziwa Malawi, wanang'aa vipoa lakini kila mmoja ni kanjo wa mtaa wake. Wape tangi yao wenyewe, yenye mawe na mapango mengi ya kujificha.

4. Mbogi ama solo?

Neoni tetra, koridorasi na taiga babi ni samaki wa mbogi. Wanunue kuanzia sita wa aina moja. Ukiweka mmoja ama wawili wanaishi na uoga, wanajificha, na taiga babi akiwa peke yake huzidisha fujo kwa wengine.

Gapi wana hesabu yao. Dume mmoja, majike wawili ama watatu, la sivyo madume watamsumbua jike mmoja hadi achoke. Na ujipange: jike huzaa kila baada ya wiki kama nne, na anaweza kuendelea kuzaa miezi kadhaa bila dume, juu huhifadhi mbegu mwilini. Kama hutaki watoi, nunua madume pekee.

5. Ghorofa

Samaki hukaa kwa viwango. Gapi hupenda juu, neoni tetra katikati, koridorasi chini kabisa kwa mchanga. Ukichanganya hivyo hawagombanii nafasi. Lakini usimnunue koridorasi ukidhani ni mtu wa usafi. Hali kinyesi, anahitaji dishi lake linalozama.

Combi za kuanza nazo

- Lita 60 na zaidi, maji laini ya joto: neoni tetra wanane na koridorasi wadogo sita.
- Maji magumu kidogo: gapi pekee, madume watano ama sita.
- Tangi ndogo ya lita 20: beta mmoja na konokono. Basi.
- Goldifishi: na goldifishi wenzake, kwa tangi kubwa.

Zote zinahitaji filta, na ukiwa Nairobi baridi ya Julai inataka hita, isipokuwa ile ya goldifishi.

Kabla uwalete nyumbani

Tangi mpya ikimbize bila samaki wiki nne hadi sita, ukiweka chakula kidogo ama amonia, ndio bakteria wa kubadilisha uchafu wajijenge. Ukiruka hii, amonia itaua hata samaki wapole wanaoelewana. Maji ya bomba yatolewe klorini kwanza. Samaki mgeni akae kando wiki mbili hadi nne, juu mgonjwa mmoja anaweza maliza mbogi nzima. Na usijaze tangi: stima ikipotea filta inasimama, na tangi iliyojaa ndiyo hukosa hewa mapema.

Ukiona mtu anafukuzwa, anajificha siku nzima ama mapezi yamechanika, mtoe haraka. Usingoje wazoeane.

Ukishindwa naye, mrudishe dukani ama umpee beshte mwenye tangi. Usimwage mtoni wala ziwani. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi sana za siklidi wa huko zikapungua ama zikapotea. Samaki mgeni mahali si pake ni ngori, kwa ziwa na kwa tangi yako pia.

Next time ukiingia dukani, ingia na list. Mwenye anang'aa na hayuko kwa list, mwangalie tu, halafu umwache hapo.